Katuni ya "Akili and Me" na Lugha ya Mtoto

Mwaka huu nimeulizwa swali moja mara nyingi hapa Ikolo, nalo huulizwa hasa njiani, mtu akiwa na jembe begani: "Mwalimu, katuni ipi yafaa mtoto apate Kiingereza?" Hawaulizi kama katuni yafaa, shauri hilo wamekwisha kulikata. Wataka jina tu, kama mtu atakaye jina la dawa ya homa.

Nami sina haki ya kuwacheka, maana sababu yao ni ya kweli. Mtoto wetu husoma shule ya msingi kwa Kiswahili. Akifika sekondari aona karibu vitabu vyote ni vya Kiingereza, na mwalimu naye ametakiwa kufundisha kwa lugha hiyo. Wengi hukwama hapo, si kwa upungufu wa akili, bali kwa upungufu wa maneno. Mzazi aliyekwama hapo zamani hataki mtoto wake akwame tena. Amesikia kwamba wako watoto wa mjini wasemao Kiingereza kabla meno ya utoto hayajang'oka, na ati hawakufundishwa na mtu, walitazama picha tu nyumbani. Basi akauza kakao yake, akanunua simu janja.

Kwa hiyo nimeona vema niandike habari za katuni moja, niliyoitazama kwa muda wa miezi mingi pamoja na mwanangu wa miaka minne, na nyingine nyingi sikuitazama pamoja naye, kama nitakavyoeleza.

Jina lake ni "Akili and Me", yaani Akili na Mimi. Imetengenezwa Dar es Salaam na shirika liitwalo Ubongo, lililoanzishwa mwaka 2013. Katuni yao ya kwanza, Ubongo Kids, ilianza kuonyeshwa katika televisheni ya TBC1 mwezi wa Januari 2014, nayo ni ya watoto waliokwisha kuingia shule. Hii ya Akili ilifuata mwaka 2016, kwa ajili ya wale wadogo ambao bado wako nyumbani. Akili ni mtoto wa kike wa miaka minne, akaaye na jamaa zake chini ya mlima Kilimanjaro. Usiku akilala huingia katika nchi ya ndoto iitwayo Lala Land, na huko rafiki zake ni wanyama, kama vile kiboko na simba mdogo. Pamoja nao hujifunza herufi, hesabu, kuchora, na maneno. Yapatikana kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, tena kwa lugha nyingine, kama Kinyarwanda na Kihausa.

Jambo la kwanza la kusifu ni kwamba mtoto wetu haingii humo kama mgeni. Kitabu nilichojifunzia Kiingereza mimi kilikuwa na mtoto aliyevaa kofia ya sufi kwa sababu ya theluji. Nalijua theluji kwa Kiingereza kabla sijajua mpunga, nami nalilala kila usiku katikati ya mashamba ya mpunga. Akili ni mtoto wa Kiafrika, jina lake lina maana kwa kila amsikiaye, na mlima wake uko katika nchi yetu. Ni kweli mlima autazamao mwanangu asubuhi ni safu ya Livingstone, ng'ambo ya ziwa, wala si Kilimanjaro. Lakini migomba iko huku na iko kule, na hilo latosha kwa urafiki.

La pili ni uvumilivu. Neno halitupwi mara moja likapita. Huimbwa, likarudi katika mazungumzo, likaimbwa tena, hata mtu mzima huchoka, na mtoto hachoki. Sisi walimu twaijua njia hii, ila hatuna sauti ya kuimba mara 40 kwa siku. Tena kazi hii imepimwa. Mwaka 2018 zilitolewa habari za uchunguzi uliofanywa Morogoro kwa watoto wadogo zaidi ya 500. Wale waliotazama Akili waliwapita wale waliotazama picha nyingine katika kuchora, kutambua maumbo na tarakimu, kuhesabu, na hata katika Kiingereza. Basi asiseme mtu kwamba picha hazifundishi kitu. Na mzazi aniulizaye jina njiani, jina ndilo hili.

Walakini daftari langu lina ukurasa mwingine. Wakati wa kupalilia mpunga, mke wangu yuko shambani, nami niko shule hata saa tisa, tukaona ni heri mtoto aachiwe simu pamoja na msichana wa kumwangalia. Tukakata shauri kwamba awekewe Akili ya Kiingereza tupu, wala tusimchanganye kwa Kinyakyusa, ili Kiingereza kipate kukaa mahali pake. Baada ya majuma machache aliimba rangi zote kwa Kiingereza. Nalijivuna sana. Niliwaambia walimu wenzangu, na mmoja akaja kumsikiliza, naye akaenda akamnunulia mtoto wake kifurushi cha intaneti siku ileile.

Jumamosi moja tulikuwa uani, na mkungu wa ndizi zilizoiva umetundikwa mlangoni. Nikamwonyesha ndizi moja, nikamwuliza kwa Kiingereza ni ya rangi gani. Akanitazama kama mtu aliyeulizwa njia ya mji asioujua. Nikauliza kwa Kiswahili; vilevile. Nikaleta simu, nikaitafuta picha ya rangi ile, na wimbo haujaanza amekwisha kulitaja jina lake kwa sauti kuu. Nikamwonyesha tena ndizi. Kimya. Neno lilikuwa ndani ya simu, halikutoka nje kuja kwetu.

Juma lile lile mama yangu alifika kutoka pande za Matema. Akamsalimu mjukuu wake, "Ugonile?" naye hakuitika. Akamwambia amletee amisi, yaani maji, na mtoto akanigeukia mimi nimfasirie maneno ya nyanya yake mwenyewe. Nikaona haya, nikasema, "Mama, mtoto anajifunza Kiingereza." Akanyamaza kidogo, akasema, "Vema, mwanangu. Atakizungumza na nani?"

Sikuwa na jibu, nikatafuta vitabuni. Nikakuta habari za Patricia Kuhl na wenzake, wa mji wa Seattle huko Marekani, waliofanya jaribio juu ya watoto wachanga wa miezi tisa hivi, ambao kwao husemwa Kiingereza tu. Waliwasikizisha Kichina mara 12, kila mara kiasi cha dakika 25. Kundi moja lilikaa na mtu aliyewasomea vitabu na kucheza nao kwa Kichina. Kundi lingine lilionyeshwa mtu wa namna hiyohiyo katika televisheni. Matokeo yalitolewa mwaka 2003: watoto wa kundi la kwanza walizitambua sauti za Kichina, na wale wa televisheni walikuwa sawa na watoto wasiosikia Kichina kamwe. Lugha ilikuwa moja na muda ulikuwa mmoja. Kilichopungua ni mtu. Najua hao walikuwa wachanga, na mwanangu ana miaka minne; wa Morogoro nao wanashuhudia kwamba aliyekua kidogo hupata faida. Lakini nilipokumbuka ile ndizi nalifahamu kwamba hatuko mbali sana na Seattle.

Hata sisi watu wazima twalijua jambo hili zamani, ila hatukulitia moyoni. Kumbuka vibanda vya video. Filamu ilikuwa ya Kihindi, au ya Kichina, au ya Marekani, na watazamaji hawakufahamu lugha yake. Basi mtu mmoja alikaa na kipaza sauti akaieleza yote kwa Kiswahili, akawapa watu wa Bombay majina ya Kariakoo, akamwonya mwizi na kumcheka bwana harusi. Dar es Salaam alisifika sana mmoja aliyeitwa Lufufu, na sauti yake ikauzwa pamoja na filamu. Watu walimfuata yeye kuliko waigizaji. Ikiwa sisi wenye ndevu tulihitaji mtu ubavuni wa kutueleza picha, sijui tulipata wapi ushujaa wa kumwacha mtoto wa miaka minne na kioo peke yake.

Wako watengenezaji waliouona upungufu huu wakajaribu kuuziba. Marekani iko katuni iitwayo Dora the Explorer, iliyoanza mwaka 2000, ambayo huwafundisha watoto wasemao Kiingereza maneno ya Kihispania. Dora huuliza swali, kisha hunyamaza akimkazia mtoto macho, kana kwamba anangoja jibu. Ni hila nzuri, nami nimeiga katika darasa langu kule kungoja kwake. Lakini mtoto akijibu sivyo, Dora humsifu vilevile. Mbuzi angeingia ndani akalia, naye angesifiwa.

Sasa nirudi kwa Akili, niseme lililonitatiza katika hadithi yenyewe. Elimu yake aipata usingizini. Nyumbani kwake wako watu wampendao, lakini akitaka kujifunza neno au tarakimu hana budi kufumba macho na kuwaacha. Kwa mtunzi ni njia nyepesi, kwa maana ndotoni kiboko aweza kusema na simba aweza kuimba. Lakini mtoto atazamaye peke yake, na mama yuko shambani, ameonyeshwa mara mbili kwamba maneno mapya hukaa mahali wasipofika watu wa nyumbani. Ningependa kuona sehemu nyingi ambamo Akili aamka, aenda jikoni, na kumtaabisha mama yake kwa lile neno la usiku. Kosa jingine ni dogo, tena ni la katuni nyingi za namna hii: hutoa majina kuliko mazungumzo. Rangi, wanyama, matunda. Mwanangu alikuwa na majina 30 ya Kiingereza, na hakuwa na njia ya kuomba kitu wala ya kukataa.

Jambo la simu si kosa la Akili, lakini mzazi na alijue. Katuni ikiisha, simu hailali; huleta nyingine yenyewe, kisha nyingine. Siku moja nalirudi nikamkuta mtoto akitazama mikono isiyo na uso ikifungua masanduku ya vitu vya kuchezea, na sauti ikisema lugha nisiyoijua. Nadhani ni Kihispania. Alikuwa ametulia kabisa, na msichana yuko nje anapepeta mchele. Shirika la Afya Duniani lilitoa shauri mwaka 2019 kwamba mtoto asiyetimiza miaka miwili asikalishwe mbele ya kioo, na wa miaka miwili hata minne asipite saa moja kwa siku, na ikipungua ni heri zaidi. Mimi nalimpitisha saa tano.

Siku hizi twatazama baada ya chakula cha jioni, nusu saa, mtu mmoja mzima akiwapo. Kwanza twaitazama sehemu moja kwa Kiswahili, ili mtoto ajue kisa, na kesho yake ileile kwa Kiingereza. Naona hufahamu zaidi kuliko alipotupwa katika Kiingereza tupu. Mimi huisimamisha picha katikati, na hilo humkasirisha. Kisha neno la siku ile lazima lipate kitu cha kukalia: ndizi, bata, baiskeli, maji ya mtungini. Ndizi imekwisha kupata rangi yake ya Kiingereza. Majina mengine yamepotea, yamebaki kama 12, lakini hayo huyasema uani.

Mama yangu alikuwa bado yuko kwetu tulipoanza utaratibu huu, akawa anakaa nasi. Kiingereza hakijui, na macho yake hayaoni vema picha ndogo. Basi akawa anamwuliza mtoto: yule asema nini? Mbona huyu binti hulala kila mara, ni mgonjwa? Hakuwapo mtu mwingine wa kumjibu, kwa maana mimi nalinyamaza kwa makusudi. Mtoto akaanza kumweleza, kwanza kwa Kiswahili, na nyanya akamwambia hasikii. Akatafuta Kinyakyusa alichokuwa nacho, kibovu, akakishona kwa Kiswahili na kwa yale majina ya Kiingereza. Akawa Lufufu wa nyumba yetu.

Walipofika kwa kiboko walikosana. Mtoto alisema kiboko ni rafiki wa Akili. Mama yangu amekua kandokando ya mto Lufilyo, na akakataa katakata. Akamweleza kiboko ni nani, usiku huenda wapi, hula mpunga wa nani, na mtu aliyekutana naye mtumbwini alirudije. Mtoto akasema huyu si yule, huyu huimba. Nyanya akamwambia aulize huyo aimbaye hushiba nini. Wakashindana kwa Kinyakyusa hata moto wa simu ukaisha, na hakuna aliyeniomba niichaji.