Programu Isikiayo Mnong'ono

Siku hizi masikio yangu hayanitendei haki. Alama za Morse, nilizokuwa nikizisikiliza usiku baada ya kazi za ukuu wa chuo cha ualimu, sasa zinanipotea katika mvumo wa redio. Ndiyo maana naithamini WSJT-X, programu ya redio ya ridhaa iliyotokana na kazi ya Joe Taylor, mwanafizikia wa Marekani aliyeshiriki Tuzo ya Nobeli mwaka 1993. Mtindo wake uitwao FT8, alioutunga pamoja na Steve Franke mwaka 2017, husoma ishara dhaifu ambazo hata sikio la kijana lisingezitambua. Tena programu hiyo hutolewa bure.

Niliponunua kompyuta yenye mfumo endeshi mpya, programu ilinyamaza. Kioo kilikuwa cheusi, kipimo cha sauti kimesimama kwenye sifuri. Nililaumu redio, nikalaumu waya, nikalaumu uzee. Kumbe mfumo mpya ulikuwa umezuia programu kutumia maikrofoni bila ruhusa ya mwenye kompyuta, na sauti inayotoka kwenye redio kwa waya nayo huhesabiwa kuwa maikrofoni. Nikaruhusu. Michirizi ikaanza kushuka kiooni, lakini halikusomeka hata neno moja. Saa ya kompyuta ilikuwa nyuma kwa sekunde nne, na FT8 huenda kwa zamu za sekunde 15; saa ikikosea zaidi ya sekunde mbili hivi, haisomi kitu. Niliporekebisha saa, alama za vituo zikamiminika.

Lawama yangu ya kwanza ni hiyo. Kipimo cha sifuri kiliniambia kwamba lipo kosa; hakikuniambia liko wapi. Mwalimu anayeweka mkasi mwekundu daftarini bila maelezo amesahihisha, hajafundisha.

Lawama ya pili ni ya moyo. Vituo hupeana alama, mahali na nguvu ya ishara, basi. Ujumbe wa kujitungia hauzidi herufi 13, pamoja na nafasi. "Habari za jioni" haienei humo.

Lakini "Shikamoo" inaenea, na "Marahaba" pia. Kwa mzee aliyedhani redio imekwisha kumfungia mlango, hilo si dogo.