Jina la Shylock: Uonevu wa Mgeni katika "Mabepari wa Venisi"

Tangu Julius K. Nyerere alipotoa Mabepari wa Venisi mwaka 1969, mjadala juu ya tafsiri hiyo umeelemea mno kwenye anwani. Shakespeare alimtaja mfanyabiashara mmoja. Nyerere aliwataja mabepari, tena wengi. Ilikuwa miaka miwili tu baada ya Azimio la Arusha, na si ajabu kwamba siasa ilionekana kabla ya watu. Tokeo lake ni kuwa Shylock husomwa kama mfano wa mnyonyaji, na mateso yake huhesabiwa kuwa ni malipo ya haki. Usomaji huo una kasoro.

Katika sehemu ya kwanza, onyesho la tatu, Antonio yuko tayari kudhamini mkopo wa dukati 3,000 kwa ajili ya rafiki yake Bassanio. Shylock anamkumbusha kwamba amemtemea mate ndevuni, amempiga teke na kumwita mbwa. Antonio hakani wala haombi radhi. Anasema huenda akayarudia. Mwenyeji haoni la kuficha.

Mahakamani uonevu unaingia katika jina. Portia anamwuliza kama jina lake ni Shylock, naye anakubali. Kwa muda Portia hulitumia, likichanganyika na neno Myahudi. Hukumu ikishageuka, jina hilo halitoki tena kinywani mwake. Ni Myahudi tu, na sheria inayommaliza ni ile ya mgeni anayetafuta roho ya raia. Nusu ya mali yake inatiwa mikononi mwa Antonio, naye analazimishwa kubadili dini.

Kiingereza cha Shakespeare kilikuwa na viwakilishi viwili vya nafsi ya pili, na dharau iliweza kupitia humo. Kiswahili kina "wewe" tu; mzigo wote huliangukia neno Myahudi. Msikilizaji wa Voi hahitaji kuelezwa uzito wake. Mji huo, chini ya mlima wa Sagalla, ulikuzwa na reli ya Mombasa, kisha na tawi la Taveta lililojengwa wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Mashamba ya mkonge ya Taita na Taveta nayo yakavuta vibarua kutoka mbali. Katika mji wa namna hiyo kumwita mwenye duka "we Mhindi", hali jina lake linajulikana, ni kumtoa barazani kabla hajajibu. Ndivyo ilivyo pia kwa jirani anayeitwa "mtu wa kuja".

Hata hivyo anwani ya Nyerere isilaumiwe yenyewe. Wingi wake unamhusu Antonio na wenziwe pia, jambo ambalo wasomaji wengi wamelisahau. Shylock mwenyewe anawaambia mahakamani kwamba wana watumwa waliowanunua, na hawako tayari kuwaacha huru. Na Portia, anayesifiwa kwa hotuba yake ya huruma, anapoondokewa na mwana wa mfalme wa Moroko anaomba kila mwenye rangi kama yake achague vibaya vivyo hivyo. Ni mstari mmoja tu, na ni rahisi kuupita.