Spicer-Simson Aliwaachia Wajerumani Mlango wa Kasanga

Tarehe 5 Juni 1916, kikosi kidogo cha Jeshi la Majini la Uingereza kilifika mbele ya Bismarckburg, Kasanga ya leo, kusini mwa Ziwa Tanganyika. Bandarini yalikuwapo majahazi, na juu ya bandari palikuwa na ngome ya Wajerumani. Kwa nchi kavu alikuwa anakuja Luteni Kanali Murray na askari wake kutoka Rhodesia ya Kaskazini. Kamanda Geoffrey Spicer-Simson aliitazama ngome, akageuza vyombo vyake, akaenda zake Kituta. Wajerumani wakajipakia kwenye majahazi yao na kuondoka salama.

Lilikuwa kosa la wazi, na wa kwanza kulaumiwa kwa kosa hilo ni Spicer-Simson.

Kuishambulia ngome ilikuwa kazi ya Murray. Kazi ya boti ilikuwa kuziba maji, kwa sababu anayevamia mji wa ukingoni mwa ziwa bila kulifunga ziwa humfukuza adui tu, hamkamati. Shabaha ya siku ile basi haikuwa ukuta wa mawe. Ilikuwa majahazi: mbao, kamba na matanga. Mizinga ya ratili tatu ya boti za Spicer-Simson ingetosha kuyatoboa, na ule wa ratili 12 wa Fifi, chombo kilichotekwa kwa Wajerumani, ungeyapasua. Bila majahazi, walinzi wa ngome wangebaki na Murray mbele na maji nyuma.

Watetezi wake husema aliona mizinga juu ya ngome, na boti zake zilikuwa za mbao, zimejaa petroli. Hofu hiyo ina msingi. Lakini ofisa wa majini anapoiogopa mizinga ya nchi kavu hatoroki upeo wa macho. Anatoka nje ya masafa ya risasi na kubaki pale pale, bandari ikiwa mbele yake. Mchana anaweza kuituma boti yenye mbio ikatize mbele ya lango la bandari, imchokoze adui afyatue. Usiku anasogea, kwa sababu gizani ndipo majahazi yatakapotweka. Spicer-Simson alikuwa na boti zenye mbio kuliko chombo chochote kilichobaki ziwani, na mbio hizo alizitumia kwenda Kituta, mahali ambapo huwezi kuiona bandari ya Kasanga.

Murray alipoingia ngomeni alikuta adui ameondoka. Alikuta pia kwamba ile mizinga iliyotisha ilikuwa magogo, mizinga ya bandia. Inasemekana kamanda hakuweza kujua. Kweli hakujua, lakini hakujaribu kujua, na shtaka ni hilo. Mzinga wa gogo haujibu mapigo. Risasi chache kutoka mbali zingetosha kuufichua.

Waliofuatilia mapambano ya ziwa hili tangu mwanzo waliziona dalili mapema. Kuzisafirisha boti zake, Mimi na Toutou, kutoka Uingereza hadi Cape Town, kisha kwa reli, matrekta ya mvuke, ng'ombe na migongo ya vibarua juu ya milima ya Mitumba, zikafika ziwani Oktoba 1915, ilikuwa kazi safi. Kuiteka meli ya Wajerumani Kingani tarehe 26 Desemba na kuifanya Fifi ilikuwa kazi safi pia. Tatizo lilijitokeza tarehe 9 Februari 1916, wakati wa kuifukuza meli nyingine ya Wajerumani, Hedwig von Wissmann. Kamanda alikuwa ndani ya Fifi, chombo cha polepole, akifyatua na kukosa. Luteni Wainwright akaipita kwa Mimi, akaanza kumsumbua adui kutoka nyuma mpaka Hedwig ikalazimika kugeuka-geuka na kupoteza mwendo. Kisha Wainwright akarudi kumweleza mkubwa wake kwamba makombora yake yalikuwa yanapita juu ya shabaha. Fifi ilikuwa imebakiwa na makombora matatu tu, na mzinga ukakwama. Ilibidi kungoja kama dakika 20 kabla ya kufyatua tena. Hedwig ikazama, na sifa zikaenda kwa kamanda, ingawa ushindi ule ulikuwa wa Wainwright.

Siku iliyofuata Graf von Götzen, meli kubwa ya Wajerumani, ikajitokeza mbele ya Lukuga, kituo cha Waingereza, kumtafuta mwenzake. Maofisa walitaka kutoka, Spicer-Simson akakataa. Hapo anaweza kuachiwa nusu ya lawama, maana Götzen ilikuwa meli ya zaidi ya tani 1,000, na ilikuwa imefungwa mzinga wa milimita 105 kutoka manowari Königsberg. Lakini hofu ya Februari ndiyo iliyosafiri naye mpaka Kasanga, na Kasanga hapakuwa na Götzen.

Aliyejua kazi hii alikuwa Rhoades, nahodha wa Kiingereza wa Ziwa Nyasa. Tarehe 13 Agosti 1914, vita ikiwa na siku chache tu, aliipeleka meli yake Guendolen hadi Sphinxhaven, yaani Liuli, akaikuta meli ya Wajerumani Hermann von Wissmann imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo, akaipiga na kuilemaza. Hakukaa kuhesabu wangapi wako ufukweni. Rufiji nako, Nahodha Fullerton alishindwa tarehe 6 Julai 1915, meli zake Severn na Mersey zikarudi nyuma kutengenezwa, na tarehe 11 akaingia tena mtoni na kuimaliza Königsberg. Spicer-Simson aliyaona majahazi ndani ya masafa ya macho na hakufyatua.

Lawama lakini haiishii kwake, maana London ndiyo iliyomtuma. Huyu ni ofisa aliyekuwa hotelini ufukweni na wanawake tarehe 11 Novemba 1914 wakati Niger, meli ya kikosi chake, inapigwa torpido mbele ya Deal. Wazo la kupeleka boti Tanganyika lilikuwa la mwindaji John Lee, aliyelijua ziwa na kulipeleka wazo hilo Admiralty, wizara ya majini, Aprili 1915 mbele ya Admirali Henry Jackson. Lee akafanywa wa pili, kisha akaondolewa katika msafara. Aliyejua nchi akatoka, asiyeijua akabaki na cheo.

Huo ndio ugonjwa wa jeshi lile, na ni wa zamani. John Fisher aliwajengea Dreadnought mwaka 1906, manowari iliyofanya nyingine zote zionekane kuukuu, lakini jeshi hilo halikuwa na makao rasmi ya maofisa wa kupanga vita mpaka Januari 1912. Walihesabu tani na inchi za mizinga. Vichwa vya manahodha havikupimwa. Amri za kukwepa adui mwenye nguvu zaidi zilimpa Admirali Troubridge kisingizio cha kuiachia manowari ya Kijerumani Goeben mwezi Agosti 1914. Alishtakiwa, akaachiwa. Nahodha mwoga alikuwa na uhakika wa kujitetea. Hodari kama Admirali Cradock alizama na meli zake katika mapigano ya Coronel. Ofisa aliyekuwa akisoma mambo hayo kabla ya kwenda Tanganyika alijua ni lipi salama kwa kazi yake.

Huku Buha gharama ya vita ilionekana kwa miguu. Kikosi cha Olsen, Mdenishi aliyewatumikia Wabelgiji, kilishuka kupitia nchi ya Waha kuelekea Kigoma mwishoni mwa Julai 1916, na palipopita jeshi palitakiwa chakula na wapagazi. Kasulu na Kibondo zikabaki chini ya Wabelgiji hadi 1921. Yote hayo yalifanywa na majeshi ya nchi kavu, wakati mwenye boti alishakataa kazi ya majini.

Wapo watakaosema kwamba woga wa Spicer-Simson ulituachia meli ya Liemba, yaani ile Götzen. Haukufanya hivyo. Wajerumani wenyewe waliizamisha Götzen tarehe 26 Julai 1916, mashine zikiwa zimepakwa grisi. Waingereza wakaiibua 1924, na 1927 ikarudi kazini kwa jina hilo jipya. Mwaka 2015 ndiyo iliyowatoa wakimbizi wa Burundi Kagunga na kuwaleta Kigoma, wakapelekwa kambi ya Nyarugusu, na baadhi baadaye wakahamishiwa Nduta, hapa Kibondo. Sifa ya hilo ni ya mafundi wa Kijerumani waliopaka grisi na wa Kiingereza walioiibua.

Spicer-Simson alirudi Uingereza mgonjwa. Akapewa nishani ya DSO, na Wabelgiji wakampa zao. Hakupewa tena meli ya kuongoza, aliwekwa ofisini.