Kibirika cha Mwanafunzi wa Weimar

Miongoni mwa vyombo vilivyofuliwa kwa nyundo katika karne iliyopita, sijui kingine kidogo namna ile kilichobeba fikira nyingi kama kibirika cha chai alichokibuni na kukifua Marianne Brandt mwaka 1924, alipokuwa mwanafunzi wa chuo cha Bauhaus mjini Weimar, nchini Ujerumani. Kimo chake kinazidi kidogo tu sentimita 7. Aghalabu husifiwa kwa umbo. Nami naona njia iliyofuatwa hata umbo hilo likapatikana yastahili sifa kubwa zaidi.

Brandt, aliyezaliwa Chemnitz mwaka 1893, hakufika chuoni hapo akiwa mgeni wa sanaa, kwani alikwisha kusoma uchoraji na uchongaji kabla ya kuamua kuanza upya. Karakana ya madini, ambayo wakati huo iliongozwa na László Moholy-Nagy kwa upande wa fikira na Christian Dell kwa upande wa ufundi, ilihesabiwa kuwa mahali pa wanaume, na mwenyewe alisimulia baadaye kwamba hawakumpokea kwa bashasha, bali walimpa kazi ya kuchosha ya kufua nusu tufe ndogondogo, moja baada ya nyingine, kutokana na mchanganyiko wa shaba, nikeli na zinki, ambao ni madini makaidi yapasukayo upesi. Kisa hiki husimuliwa kama habari ya dhuluma, na dhuluma ilikuwamo bila shaka; ila mchambuzi wa kazi za mikono hana budi kutazama pia kwamba kiwiliwili cha kibirika hicho si kitu kingine ila nusu tufe.

Kuifua nusu tufe si jambo jepesi. Bamba la duara hugongwa juu ya fuawe yenye kichwa cha mviringo, kwa mapigo yanayofuatana duru baada ya duru, na kila pigo, pamoja na kulikunja bamba, huyazidishia madini ugumu, hata yakiachwa hivyo hupasuka ukingoni. Kwa hiyo sharti yarudishwe motoni yaive, yapozwe, yalainike, ndipo nyundo ianze tena. Mwishowe hupitishwa nyundo nyepesi yenye uso uliosuguliwa, ili kuzifuta alama za zile zilizotangulia. Mkono uliokwisha kuyafanya hayo mara nyingi hujua bamba litakubali kupinda kiasi gani, na maarifa hayo hayapatikani kwa kalamu na karatasi peke yake.

Juu ya kiwiliwili hicho Brandt aliyakabili matatizo ya matumizi, moja moja. Nusu tufe haisimami yenyewe, akaiweka juu ya vipande viwili vya bamba vilivyopishana kama msalaba. Kifuniko cha duara hakukiweka katikati, bali alikisogeza mbali na mdomo wa kibirika, maana kifuniko kilicho karibu na mdomo huvuja birika linapoinamishwa, na kila aliyewahi kuchafua kitambaa cha meza kwa sababu hiyo atakiri thamani ya hikima hii. Chujio alilitia ndani. Mkono ni kipande cha abunusi chenye umbo la nusu duara, kimesimama wima na kuinuka juu, kwa sababu mti haupitishi joto kama madini, na mkono ulioinuka humrahisishia mmiminaji. Udogo wenyewe una maana: kibirika kilikusudiwa kutoa chai nzito sana, ambayo kila mnywaji angeitia maji ya moto kikombeni hadi ifikie ukali autakao.

Hapa ndipo ninapotaka kukaa kidogo. Mtazamaji hudhani kwamba chombo hiki kilitoka mashineni, kwa jinsi kilivyo safi na kwa jinsi kila sehemu yake inavyotii duara au mstari. Kumbe kilifuliwa kwa mkono, na vibirika vya namna hiyo vilivyosalia havilingani kabisa, kwani vimo vya fedha na vimo vya shaba. Wako waonao hitilafu katika hilo, yaani sura ya kiwanda kwa jasho la mfua fedha. Mimi siioni. Chombo chenye nakshi huweza kuificha kasoro ya nyundo ndani ya majani na maua, lakini nusu tufe tupu haina pa kuficha; kosa dogo kabisa huonekana dhahiri shahiri pindi nuru inapoteleza juu yake. Aliyelichagua umbo hilo alijitwisha kwa hiari mtihani mgumu kuliko wote, na akaufaulu angali mwanafunzi.

Kibirika hakikupata kutengenezwa kiwandani zama zile, ila kazi nyingine ya Brandt ilifika huko. Mwaka 1928, Bauhaus ilipokwisha kuhamia Dessau, na Moholy-Nagy kuondoka, Brandt alikabidhiwa uongozi wa karakana ileile ambayo haikumtaka; na mwaka huohuo yeye na mwenziwe Hin Bredendieck wakabuni taa ya kando ya kitanda kwa ajili ya kampuni ya Körting & Mathiesen ya Leipzig, ikauzwa kwa jina la Kandem. Swichi waliiweka kitakoni, iwe kitufe kipana kinachobonyezwa kwa kidole kimoja, hata na mtu aliyelala nusu usingizi asiyetaka kufumbua macho.