Vidoti vya Rangi Juu ya Lenzi: Namna Alama za Kuzaliwa Zinavyotambuliwa

Mboni inapotanuliwa kwa matone ya tropikamaidi katika uchunguzi wa kawaida wa macho, mtaalamu huweza kukuta vidoti vya kahawia, vyenye umbo la nyota ndogo sana, vimekusanyika karibu na kitovu cha uso wa mbele wa lenzi, ilhali mwenye jicho hajapata kuvihisi wala haoni vibaya. Hayo ni mabaki ya utando wa mishipa ya damu ulioilisha lenzi wakati wa mimba, ambao kwa kawaida hunywea na kutoweka kabla ya mtoto kuzaliwa.

Kuviona ni rahisi. Kazi yenyewe ni kuthibitisha kwamba havina madhara, kwa kuwa ugonjwa nao huweza kuacha chembe za rangi mahali hapohapo. Taa ya mwanya, ambayo Allvar Gullstrand wa Uswidi aliionyesha Heidelberg mwaka 1911, hupeleka mwali mwembamba kutoka pembeni, ukaipasua lenzi kama kisu kinavyopasua embe, hata kina cha kila kidoti kikajulikana: kilicho juu ya kapsuli, yaani ngozi nyembamba inayoifunika lenzi, hakichanganywi na ukungu wa ndani, ambao ni mtoto wa jicho.

Swali zito zaidi ni la uveitisi, yaani uvimbe wa tabaka la kati la jicho lenye mishipa ya damu na rangi, ambao huigandisha airisi, yaani sehemu yenye rangi inayoizunguka mboni, kwenye lenzi na, inapobanduka, huacha rangi yake pale, mara nyingi kwa kufuata ukingo wa mboni. Kwa hiyo mtaalamu huufupisha mwali, chumba kikiwa na giza, na kutafuta seli zinazoelea katika majimaji ya mbele, kisha hutazama iwapo mboni imetanuka kwa duara kamili. Huulizia pia pigo la zamani, kwa sababu jicho lililogongwa huweza kubaki na pete ya rangi iitwayo pete ya Vossius.

Yote hayo yasipopatikana, hakuna tiba inayohitajika, ila vidoti vinapaswa kuchorwa au kupigwa picha katika faili, na mwenyewe aelezwe waziwazi, ili mtaalamu mwingine asije akavidhania uveitisi na kumwandikia matone ya steroidi, ambayo yakitumiwa muda mrefu huweza kupandisha presha ya jicho na kuleta mtoto wa jicho ambaye hakuwepo.