Kicheko na Teke: Ujumi wa Kupita Kiasi katika Filamu za Karate za Wamarekani Weusi

Utangulizi

Kazi mbovu ya sanaa kwa kawaida hupuuzwa na wahakiki. Husemwa kuwa msuko wake ni dhaifu, wahusika wake ni bapa, mazungumzo yake hayaaminiki, na mjadala hufungwa hapo. Hata hivyo, zipo kazi ambazo hukumu ya namna hiyo, japo ni ya haki, haielezi jambo lolote la maana kuzihusu, kwa sababu hadhira yake inazipenda ikizijua fika kasoro zake, na mara nyingine inazipenda kwa ajili ya kasoro hizo hizo. Filamu za karate na kungfu zilizotengenezwa Marekani katika miaka ya 1970 kwa ajili ya watazamaji weusi ni mfano mzuri wa kazi hizo. Nusu karne baada ya kutolewa, bado zinatazamwa na kuigwa, na anayezitazama hucheka. Makala haya yanachunguza kicheko hicho: ni cha nani, na kinamcheka nani?

Mwaka 1964 mhakiki wa Marekani Susan Sontag alichapisha insha mashuhuri juu ya ujumi uitwao kempu. Kwa ufupi, kempu ni mvuto wa kitu kilichopita kiasi: madoido yasiyo na mpaka, hisia zilizotiwa chumvi, ubandia unaojitangaza. Sontag alitofautisha kempu isiyojijua, ambayo msanii amenuia kazi nzito akashindwa, na kempu inayojijua, ambayo msanii anatia madoido makusudi. Ile ya kwanza aliiona kuwa ndiyo halisi zaidi. Filamu zinazojadiliwa hapa huwekwa katika kundi hilo la kwanza: hudaiwa kuwa waliozitengeneza walitaka kutisha, wakaishia kuchekesha. Hoja ya makala haya ni kwamba uainishaji huo hauzitendei haki filamu hizi, kwa kuwa unamfanya mtazamaji wa baadaye kuwa kipimo cha kila kitu na kuisahau hadhira iliyokusudiwa.

Chimbuko la utanzu

Utanzu huu ni mtoto wa mikondo miwili. Wa kwanza ni ule wa filamu za mashujaa weusi wa mijini, ulioanzishwa mwaka 1971 na Sweet Sweetback's Baadasssss Song ya Melvin Van Peebles na Shaft ya Gordon Parks. Mafanikio yake ya kifedha yalizifungua macho kampuni kubwa za Hollywood, ambazo wakati huo zilikuwa zikipata hasara. Zikaanza kuzitoa filamu za aina hiyo mfululizo. Mwaka 1972 Junius Griffin, kiongozi wa tawi la Hollywood la chama cha NAACP, aliupa mkondo huo jina la bleksploitesheni, yaani unyonyaji wa weusi. Tangu mwanzo, basi, jina lenyewe lilikuwa shutuma.

Mkondo wa pili ulitoka Hong Kong. Mnamo Machi 1973 kampuni ya Warner ilianza kuonyesha Marekani filamu iliyoitwa huko Five Fingers of Death, na mnamo Agosti mwaka huo ikatoa Enter the Dragon, mwezi mmoja baada ya kifo cha nyota wake, Bruce Lee. Majumba ya sinema ya katikati ya miji, ambamo watazamaji wengi walikuwa weusi, yalifurika. Sababu yake si ngumu kuiona. Katika filamu hizi shujaa si Mzungu, hana mali wala bunduki, na silaha yake ni mwili alioutia adabu kwa mazoezi. Adui naye mara nyingi ni mgeni aliyejifanya bwana. Katika Fist of Fury (1972), kwa mfano, Bruce Lee anakivunja kwa teke kibao kinachowazuia Wachina kuingia katika bustani ya mji wao wenyewe. Kijana wa Harlem hakuhitaji tafsiri ili alielewe teke hilo.

Aliyeiunganisha mikondo hii miwili ni Jim Kelly. Alikuwa bingwa wa karate wa mashindano ya kimataifa ya Long Beach ya mwaka 1971, na katika Enter the Dragon aliigiza nafasi ya Williams. Mhusika huyu anatambulishwa kwa tukio fupi ambalo polisi wawili wa Kizungu wanamsimamisha usiku na kumwonea. Anawapiga wote wawili, kisha anaondoka na gari lao. Williams anauawa kabla ya filamu kufika mwisho, lakini watazamaji walikuwa wamekwisha kumchagua shujaa wao. Mwaka uliofuata mwongozaji yule yule, Robert Clouse, alimpa Kelly filamu yake mwenyewe, Black Belt Jones (1974).

Kupita kiasi kama kaida

Msuko wa Black Belt Jones unaweza kuelezwa kwa sentensi moja: wahalifu wanataka kukitwaa chuo cha karate kilicho katika mtaa wa weusi kwa sababu ardhi yake itapanda thamani, na shujaa anakitetea. Mapigano ya mwisho yanafanyika mahali pa kuoshea magari, na wapiganaji wanazama katika povu hadi kifuani. Katika tukio jingine shujaa anamwambia Sidney, bintiye mwenye chuo, aoshe vyombo. Sidney anaichukua bastola na kuvifyatulia risasi vyombo vyote, na kazi ikawa imekwisha.

Mhakiki wa uhalisia atauliza maswali ya kweli: ni nani apiganaye katika povu ikiwa kuna nafasi kavu nje? Swali hilo halina jibu kwa sababu halimo katika lugha ya utanzu huu. Povu linawageuza wahalifu wenye suti nadhifu kuwa vikaragosi, na risasi za Sidney zinavunja kwa sekunde chache kaida ya ndoa na jikoni ambayo hotuba ndefu isingeitikisa. Kicheko cha matukio haya kimetiwa humo na watengenezaji wenyewe.

Kaida hiyo hiyo inatawala katika Cleopatra Jones (1973), ambamo Tamara Dobson, mwanamke mwenye urefu wa zaidi ya futi sita, anapambana na wauzaji wa dawa za kulevya akiwa amevaa manyoya na vilemba huku akiendesha gari la fahari. Adui wake, aliyeigizwa na Shelley Winters, anapiga mayowe tangu mwanzo hadi mwisho. Mavazi ya Cleopatra hayafai kwa kazi ya upelelezi. Yanafaa kwa malkia, na ndivyo mtaa wake unavyomtazama. Kwa mwanamke mweusi ambaye sinema ya Marekani ilikuwa imemvika aproni ya mtumishi kwa miongo mingi, kupita kiasi huko kulikuwa ni kulipiwa deni.

Mfano mzito zaidi ni Three the Hard Way (1974) ya Gordon Parks Mdogo. Tajiri mbaguzi ameandaa sumu inayowaua watu weusi peke yao, na anapanga kuitia katika maji ya Washington, Detroit na Los Angeles. Jim Brown, Fred Williamson na Jim Kelly wanagawana miji hiyo mitatu. Hakuna mtazamaji wa leo asiyetabasamu aelezwapo msuko huu. Lakini filamu ilitoka miaka miwili baada ya kufichuliwa, mwezi Julai 1972, kwamba idara ya afya ya serikali ya Marekani ilikuwa imewaacha mamia ya wanaume weusi wa Tuskegee, Alabama, waugue kaswende bila tiba tangu 1932 ili iwachunguze. Hadhira ya 1974 ilikuwa imeisoma habari hiyo magazetini. Kinachoonekana kwa mtazamaji wa mbali kuwa ni upuuzi mtupu kilikuwa kwao ni chuku iliyojengwa juu ya ukweli. Anayekicheka kisa hicho bila kuijua Tuskegee anaucheka ujinga wake mwenyewe.

Dolemite na majigambo

Dolemite (1975), iliyoongozwa na D'Urville Martin, ndiyo filamu inayotajwa zaidi panapozungumzwa ubaya unaopendeza. Rudy Ray Moore, mchekeshaji aliyeigharimia filamu hii kwa sehemu kutokana na mauzo ya santuri zake, hakuwa mpiganaji. Mateke yake ni mazito, mara nyingi hayamfikii adui, na adui anaanguka vivyo hivyo. Maikrofoni inaning'inia juu ya vichwa vya waigizaji. Kundi la makahaba waliofunzwa karate linaingia vitani kwa zamu, kama wachezaji wa ngoma.

Ili kumwelewa Moore ni lazima kurejelea fasihi simulizi. Kabla ya kuwa mhusika wa filamu, Dolemite alikuwa shujaa wa masimulizi ya kishairi ya mitaani ambayo Wamarekani Weusi huyaita tosti. Moore aliyasikia kwa watu wa Los Angeles, akayatia mahadhi yake na kuyarekodi. Katika tosti msimulizi hujinaki kwa vina na matusi, husimulia jinsi tumbili mdogo alivyomchonganisha simba na tembo, au jinsi mpiga makaa mweusi alivyoiacha Titanic ikizama akaogelea hadi nchi kavu. Henry Louis Gates Mdogo, katika kitabu chake cha 1988 kuhusu tumbili huyo, alionyesha kwamba utani na ufumbaji wa namna hii ni msingi wa uhakiki wa Wamarekani Weusi wenyewe.

Msomaji wa fasihi ya Kiswahili hahitaji kufundishwa jambo hili. Anayafahamu majigambo, na anajua kuwa mjigambi hapimwi kwa ukweli wa anayoyadai bali kwa ufundi na ujasiri wa kuyadai. Hakuna anayemwambia Fumo Liyongo kuwa haiwezekani mtu asidhurike ila kwa sindano ya shaba kitovuni. Teke la Moore ni la jamii hiyo. Ni teke lililosemwa kabla ya kupigwa, na hadhira inalipigia makofi kama inavyoitikia kibwagizo.

Kuna ushahidi kwamba Moore alilijua hilo. Katika The Human Tornado (1976) Dolemite anaruka uchi kutoka juu ya mlima. Mara picha inasimama, sauti yake inawauliza watazamaji kama hawaamini kuwa ameruka kweli, na tukio linarudiwa. Hapa mgawanyo wa Sontag unavunjika, kwani msanii huyu anajijua bila kujidharau, na kicheko chake hakiondoi fahari yake.

Suala la maikrofoni linafundisha zaidi. Picha ya filamu ile ilikusudiwa kukatwa juu na chini wakati wa kuonyeshwa. Nakala nyingi zilizosambazwa kwa kanda za video hazikukatwa hivyo, na vifaa vilivyopaswa kufichika vikaonekana. Toleo lililosafishwa la mwaka 2016 lilirudisha vipimo vilivyokusudiwa, na sehemu kubwa ya maikrofoni ikatoweka. Kwa hiyo kasoro iliyochekwa kwa miongo kadhaa kama ithibati ya uzembe wa Moore ilikuwa, kwa kiasi kikubwa, kasoro ya waliomsambaza.

Mipaka ya utetezi

Kutetea si kutakasa. Shutuma za 1972 hazikuwa za bure. Faida ya filamu nyingi za kampuni kubwa haikufika katika mitaa zilizoisawiri. Miili ya wanawake huvuliwa nguo bila sababu yoyote ya kisanaa, na Dolemite mwenyewe ni kuwadi anayetukuzwa. Watu wa Asia, ambao sanaa yao ndiyo uti wa mgongo wa utanzu huu, hupewa nafasi za mafumbo na hila. Cleopatra Jones and the Casino of Gold (1975), iliyopigwa Hong Kong kwa ushirikiano na kampuni ya Shaw Brothers, inampa hata adui wake wa Kizungu jina la Dragon Lady. Tena mkondo ulipokauka katika nusu ya pili ya miaka ya 1970, nyota wake walisahauliwa. Jim Kelly aligeukia tenisi ya kulipwa, na hadi alipofariki mwaka 2013 hakupata tena nafasi ya ukubwa wa ile ya Williams.

Hapa ndipo hatari ya kempu ilipo. Mtazamaji anayecheka kila kitu kwa usawa huyacheka povu na udhalilishaji kwa pumzi moja, na kicheko hicho kinamwondolea wajibu wa kuhukumu.

Urithi

The Last Dragon (1985), iliyoongozwa na Michael Schultz, inaonyesha njia bora. Mapema katika filamu, watazamaji wa New York wanaitazama Enter the Dragon wakipiga kelele, wakijibizana na kiwambo, hata wakitaka kupigana. Leroy, kijana mweusi, anatazama kwa utulivu akila chakula chake kwa vijiti. Baadaye anamtafuta bwana mkubwa wa kungfu na kugundua kwamba ni mashine ya biskuti, inayoendeshwa na Wachina watatu wanaoiga maneno na miondoko ya vijana weusi. Mweusi anamwiga Mchina anayemwiga mweusi. Mzaha huu unakiri deni la pande zote mbili kwa uwazi ambao filamu za miaka ya 1970 hazikuufikia.

Black Dynamite (2009) ya Scott Sanders ilikwenda hatua nyingine. Humo maikrofoni inaingia katika picha kwa makusudi na shujaa anaitupia jicho. Kosa limekuwa nukuu. Mwaka 2019 Dolemite Is My Name, ambamo Eddie Murphy alimwigiza Moore, ikarudisha kazi yenyewe mbele ya macho: watu wasio na ujuzi wala mtaji wanatengeneza filamu kwa sababu hakuna mwingine ambaye angewatengenezea.

Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba mvuto wa filamu za karate za Wamarekani Weusi hauelezeki kwa kusema tu kuwa ni mbovu kiasi cha kupendeza. Sehemu ya kupita kiasi kwake ni kaida ya utanzu, sehemu ni majigambo yaliyorithiwa kutoka fasihi simulizi, sehemu ni umaskini wa bajeti, na sehemu nyingine ililetwa na wasambazaji. Mhakiki anapaswa kuzitenganisha kabla hajacheka. Hadhira ya kwanza ilicheka pamoja na Sidney alipovifyatulia risasi vyombo, na ilinyamaza sumu ilipotajwa. Anayezitazama filamu hizi leo hana budi kujifunza kutoka kwao wapi pa kucheka na wapi pa kunyamaza.