Anayekula Pilau Iliyopoa

Usiku wa kuamkia harusi, bibi harusi hulala akiwaza shela. Mpiga picha wa Dar es Salaam hulala akiwaza betri. Amezichaji zote, amefuta lenzi, amefungasha kamera mbili, maana moja ikigoma wakati wa kuvishana pete, hakuna wa kusema "rudieni". Alishapita ukumbini kukagua taa, kwani zile za zambarau humpaka bwana harusi rangi ya biringanya.

Asubuhi yuko saluni, anaomba kiti kisogezwe karibu na dirisha. Mkononi ana orodha ya makundi: wazazi, mashangazi, wajomba; kando yake yuko ndugu mmoja mwenye sauti ya kuwaita.

Kazi ngumu iko juani. Akipima mwanga kwa gauni jeupe, nyuso nyeusi zinazama gizani. Akipima kwa nyuso, shela inaungua na nakshi zake zote. Basi anawavuta maharusi kwenye kivuli cha mwembe, au anaomba wasubiri saa 11 jioni jua lilegee, huku akiihofia foleni.

Ukumbini anapiga magoti, anarudi kinyumenyume kati ya meza, anakula wa mwisho. Saa 8 usiku, kabla ya kuvua viatu, anahifadhi picha sehemu mbili.

Miaka ikipita, bibi aliyetutoka bado anacheka kwenye albamu. Aliyemsubiri mpaka acheke hayumo hata katika picha moja.